Gari Likizama Jangwani, Bima Inamlinda Nani?

Vijana wenzetu, kila mwaka ni hadithi ileile. Masika yanaanza Machi, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, na siku mbili tatu baadaye simu zinajaa video za magari yanayoelea kama mitumbwi. Jangwani pamefungwa. Kigogo hakupitiki. Tunacheka, tunasambaza, tunaendelea na maisha. Lakini nyuma ya kila gari linaloelea kuna mtu. Kuna aliyekopa benki, aliyeuza kiwanja, au aliyekuwa anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni ili siku moja bajaji iwe yake. Maji yakipungua, huyo mtu anaanza safari ya pili ambayo hakuna anayeirekodi: safari ya kwenda ofisi ya bima.

Leo tunaandika kuhusu safari hiyo. Kuna watakaosema siasa na bima wapi na wapi. Tunawajibu hivi: sheria ndiyo inayokulazimisha kukata bima, trafiki ndiye anayekusimamisha kuikagua, serikali ndiyo inayochukua VAT ya asilimia 18 juu ya malipo yako, na serikali hiyohiyo ndiyo iliyoacha mtaro uzibe mpaka gari likazama. Sasa kama hiyo siyo siasa, siasa ni nini?

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalijua nusunusu. Bima ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo ni ile ndogo, ya kumlinda mtu mwingine. Ukimgonga mtu au ukiharibu gari la mwenzio, inamlipa yeye. Kwa gari dogo la binafsi wengi wetu tunalipa 118,000, tunabandika au tunasajiliwa kwenye mfumo, na tunatembea kifua mbele tukijua "gari lina bima". Ndugu yangu, maji yakiingia kwenye injini yako, bima hiyo haikupi hata shilingi. Haikuandikwa kwa ajili yako. Trafiki akikuuliza bima, anauliza kwa niaba ya yule utakayemgonga.

Anayelipwa gari lake likizama ni mwenye bima kubwa, na hata yeye siyo kila mara. Kuna mikataba ambayo mafuriko yamo ndani moja kwa moja. Kuna mingine inayoyaweka kando pamoja na matetemeko na majanga mengine ya asili, mpaka uombe yaongezwe na ulipie kidogo zaidi. Wakala aliyekuuzia kwenye meza chini ya mwavuli pale TRA mara nyingi hakukwambia hilo. Hati ilikuja kwa Kiingereza, herufi ndogo, kurasa kibao. Ukaikunja, ukaiweka kwenye dashibodi. Siku ya maji ndiyo unaambiwa ukurasa fulani, kifungu fulani.

Haya, tuseme mafuriko yamo. Nini kinafuata?

Kampuni inatuma mtathmini wa hasara. Anaangalia maji yalifika wapi. Yakiishia kwenye kapeti ni habari moja. Yakifika kwenye dashibodi ni habari nyingine kabisa, maana magari ya siku hizi ni umeme mtupu: kontroli boksi, waya, mifuko ya hewa, soketi kila kona. Fundi anaweza kulikausha likawaka leo, wiki tatu baadaye taa zinajiwasha zenyewe. Maji ya mafuriko ya Dar siyo maji ya bomba. Yana tope, yana maji taka, na yakishuka kuelekea Salenda yanachanganyika na chumvi. Chumvi na waya haviishi nyumba moja.

Kwa hiyo mtathmini anapiga hesabu. Gharama ya kulitengeneza ikikaribia au ikizidi thamani ya gari lenyewe, kampuni inasema haina maana kulitengeneza. Gari linahesabiwa hasara kamili. Mtaani tunasema gari limefutwa. Hapo ndipo watu wengi wanashangilia, wakidhani watapewa fedha yote iliyoandikwa kwenye hati. Na hapo ndipo machozi yanapoanza.

Tuweke mfano wa hesabu, siyo wa mtu fulani. Umenunua gari kwa milioni 15. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ni 525,000, ongeza VAT 94,500, jumla 619,500. Mwaka wa pili wakala anakupigia, unalipa hivyohivyo. Mwaka wa tatu hivyohivyo. Mwezi wa nne mvua inashuka, gari linazama. Mtathmini anasema: gari hili, kwa umri na hali yake, sokoni lilikuwa na thamani ya milioni 11 siku moja kabla ya mafuriko. Kampuni inakulipa thamani ya soko, siyo milioni 15 uliyokuwa unailipia. Inatoa na kile kiasi ambacho mkataba unasema utachangia mwenyewe, tuseme laki tano. Unabaki na milioni 10 na nusu. Ukitaka kubaki na mabaki ya gari, nayo yanapigiwa bei, tuseme milioni 3, yanakatwa. Unaondoka na milioni 7 na nusu na gari lililooza.

Je, kampuni imekuibia? Kwa kifungu, hapana. Kazi ya bima ni kukurudisha ulipokuwa, siyo kukutajirisha, na kanuni hiyo ina mantiki. Lakini uliza swali la upande wa pili. Kama gari lilikuwa na thamani ya milioni 11, kwa nini nililipishwa ada ya milioni 15? Kwa milioni 11 ningelipa 385,000 na VAT 69,300, jumla 454,300. Kuna 165,200 iliyokwenda mwaka huo kununua kinga ambayo haikuwepo. Siku ya kulipia, thamani ya gari ni ile uliyoitaja wewe. Siku ya kulipwa, thamani ni ile wanayoitaja wao. Mzani mmoja, mawe mawili.

Hatusemi makampuni yote ni wezi. Wapo wanaolipa vizuri na kwa wakati, na wapo wateja wanaotaka kulipwa gari lililokufa kabla ya mvua. Tunachosema ni kwamba mchezo huu una upande mmoja wenye mwanasheria, mtathmini na kitabu cha masharti, na upande mwingine una kijana mwenye suruali yenye tope anayetaka aambiwe tu lini atapata chake. Kazi ya dola ni kusawazisha uwanja huo.

Sasa twende kwa wale ambao hata hiyo milioni 7 na nusu hawaioni. Vijana wengi wanaosoma hapa hawana gari dogo. Wana bajaji au bodaboda ya mkataba. Unapeleka hesabu kila siku, mwaka unaisha, chombo kinakuwa chako. Kadi ina jina la bosi. Bima, kama ipo, ina jina la bosi. Umeshapeleka hesabu miezi kumi, mvua inakukuta Tandale, bajaji inazama. Kama kuna bima kubwa, fidia inalipwa kwa mwenye jina. Kama ni bima ndogo, hakuna wa kulipwa. Vyovyote vile, miezi yako kumi imekwenda na maji, na bado bosi anaweza kukudai miwili iliyobaki. Kwa waliokopa benki ni hivyohivyo: mara nyingi mkopeshaji ndiye anayelipwa kwanza, na fidia isipotosha deni, unaendelea kulipia chombo ambacho hakipo.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Vikundi vingi vinaomba bajaji na pikipiki. Vizuri. Lakini ni diwani gani amewahi kusimama akauliza: hizi bajaji tunazokopesha zinalala wapi usiku, na zikizama nani analipa? Kukopesha kijana chombo cha kazi katika jiji la mafuriko bila kinga ya mafuriko ni kumkopesha deni tu.

Kuna jambo lingine ambalo hatulisemi vya kutosha. Yale mabaki yanaenda wapi?

Kampuni ikishakulipa, mabaki yanakuwa yake, inayauza. Mnunuzi mara nyingi ni fundi au mfanyabiashara wa spea. Akilikata na kuuza vipuri Ilala au Gerezani, sawa, biashara halali. Lakini wapo wanaolikausha, wanaliosha, wanabadili kapeti, wanapulizia manukato, na gari linarudi barabarani likiwa na bei nzuri na maneno matamu: "limetunzwa na mama mmoja mwalimu." Ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki bima, unaoneshwa kama bima iko hai. Huambiwi kama gari hilo liliwahi kuhesabiwa hasara kamili. Uingereza gari lililofutwa na bima linapewa daraja: A na B haliruhusiwi kurudi barabarani, S na N linaweza kurudi likitengenezwa, na mnunuzi anaweza kuangalia. Sisi mnunuzi anategemea pua yake mwenyewe.

Na siyo magari ya hapa tu. Magari yetu mengi yaliyotumika yanatoka Japan, na mengine yanapitia Dubai. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua iliyonyesha Falme za Kiarabu ilivunja rekodi. Eneo moja la Al Ain lilipata milimita 254.8 kwa chini ya saa 24. Dubai barabara ziligeuka mito na magari yalizama. Hatusemi kila gari linalotoka huko lilizama. Tunasema mnunuzi wa Kinondoni ana haki ya kujua lipi lilizama na lipi halikuzama kabla hajatoa akiba yake ya miaka sita.

Mpaka haki hiyo ipatikane, jifunze kukagua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Ule mwisho usioguswa unaweza kuwa na mstari wa tope. Pitisha kidole chini ya reli za viti uone kama kuna kutu. Nyanyua kapeti ya buti pale panapokaa tairi la akiba. Angalia kama taa zina ukungu ndani. Gari likinukia manukato kupita kiasi, jiulize linaficha nini. Na peleka fundi wako mwenyewe, siyo fundi wa muuzaji.

Tukirudi kwenye chanzo, bima siyo mtaro. Hata tukiwa wote na bima kubwa, bima haizuii maji. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini pale Salenda. Hilo halikugunduliwa jana. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya somo hilo, karakana ya mwendokasi ikajengwa wapi? Jangwani, bondeni hapohapo. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na haikuchukua muda maji yakaanza kuyafuata ndani ya karakana, mabasi yakaharibika, huduma zikasimama. Yaani serikali yenyewe, yenye wahandisi, yenye ramani, ilipaki mabasi ya umma kwenye njia ya maji. Halafu mwananchi akipaki kigari chake Kigogo anaambiwa hana akili.

Masika ya 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kwa mvua na mafuriko, na zaidi ya 200,000 wameathirika. Mbele ya vifo hivyo, gari ni kitu kidogo, na tunajua hilo. Lakini maji yanayoua mtoto Kigogo ndiyo maji yanayozamisha bajaji ya baba yake, na mtaro ulioziba ni mmoja. Upo Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022. Mkopo huo tutaulipa sisi vijana. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kila robo mwaka umefika wapi, nani amelipwa fidia, nani hajalipwa, na daraja la Jangwani liko hatua gani. Kuuliza siyo uchochezi.

Msimamo wetu ni huu, na tunawataka wabunge na madiwani wa pande zote waubebe, siyo wa upande wetu tu.

Kwanza, kila bima ya chombo cha moto ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema wazi: mafuriko yamo au hayamo, ukidai utachangia kiasi gani, na utalipwa kwa thamani ipi. TIRA ina mamlaka ya kusimamia hilo chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Pili, kampuni inapohuisha bima, iwe na wajibu wa kukwambia thamani ya gari imeshuka, kabla haijachukua ada. Kama wanajua bei ya soko siku ya kulipa fidia, wanaijua pia siku ya kupokea.

Tatu, ripoti ya mtathmini iwe haki ya mdai. Mtu asiambiwe "gari lako ni milioni 11" bila kuoneshwa limelinganishwa na magari yapi.

Nne, iwepo rejesta ya wazi ya magari yaliyohesabiwa hasara kamili, ambayo mnunuzi yeyote anaweza kuiangalia kwa simu kwa namba ya chesisi.

Tano, dereva wa mkataba atambuliwe. Mikopo ya halmashauri ya vyombo vya moto iende na kinga ya mafuriko, na jina la anayelipia chombo lionekane kwenye hati.

Wakati tunapigania hayo, na wewe kamanda usikae ukisubiri. Wiki hii toa hati yako kwenye dashibodi. Usipoielewa, ipeleke kwa mtu anayeielewa. Mpigie wakala, muulize swali moja: "Mafuriko yamo?" Akijibu ndiyo, mwambie akuandikie kwa ujumbe. Neno la mdomo halisimami mbele ya kifungu.

Maji yakikukuta, usiwashe gari. Hili tulikazie. Injini iliyovuta maji ukiipiga stata, maji hayabonyezeki, vyuma vinapinda, na kampuni inaweza kusema uharibifu huo umeufanya wewe. Toa waya wa betri kama ni salama kufanya hivyo. Piga picha ya alama ya maji nje na ndani ya gari, mtaa uonekane na namba ya gari ionekane. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo, kwa maandishi. Liburuzwe na brekidauni, lisisukumwe likiwa kwenye gia. Pata taarifa ya polisi na barua ya serikali ya mtaa, na hifadhi tahadhari ya hali ya hewa ya siku hiyo. Fundi wako asianze kufungua chochote kabla mtathmini hajafika.

Wakikupa kiasi usichokubaliana nacho, usisaini karatasi ya kukubali malipo kwa sababu tu una njaa. Ukishasaini kwamba umelipwa kikamilifu, kurudi nyuma ni kazi ngumu mno. Tafuta bei za magari kama lako, mwaka uleule, aina ileile, kilomita zinazokaribiana. Peleka kwa maandishi, omba waeleze tofauti. Wakikaidi, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria kwa kazi hiyohiyo. Watu wengi hawaijui ofisi hiyo, na asiyeijua hukubali chochote anachopewa.

Kama umeamua kubaki na mabaki ya gari, yauze kama mabaki. Usimuuzie kijana mwenzio gari lililozama ukamwambia ni zima. Hatuwezi kupiga kelele dhidi ya dhuluma ya wakubwa mchana, halafu usiku tukadhulumiana wenyewe kwa wenyewe.

Masika hayana chama. Yatakuja, na yatapita njia ileile ya siku zote. Tuwaulize wenye mamlaka mtaro umezibuliwa lini, tuwaulize wenye bima mafuriko yamo wapi, na tuulize sasa hivi, barabara zikiwa bado kavu.